Floti si yangu

Mi nafanya mobaili mani hapa Malaba, upande wetu wa Uganda, kibanda kidogo tu karibu na pale malori yanapopanga foleni kutoka Kenya, na hii kazi ukiitazama vizuri ni kukaa na hela za mtu mwingine kutwa nzima. Bosi alinipa floti, yaani hela ya kuzungusha kibandani, ya milioni tatu. Asubuhi naweza kuwa na milioni moja na laki mbili kesh, iliyobaki iko kwenye simu, madereva wakija kutoa kesh inashuka simu inapanda, wakija kuweka inageuka, lakini jioni ukijumlisha lazima ziwe zilezile milioni tatu. Ikipungua hata mia tano hilo ni deni lako. Changu ni kamisheni tu, mwisho wa mwezi.

Sasa jumapili moja. Kanisani kwetu baada ya ibada kuna mnada, wale wasio na pesa mkononi huwa wanaleta sadaka ya vitu, mayai, matoke, miwa, kuku, vinauzwa pale nje chini ya mwembe. Siku hiyo tulikuwa tunatafuta hela ya mabati ya kanisa. Akaletwa jogoo mmoja mwekundu, wakaanza elfu ishirini, ishirini na tano, jirani yangu wa sokoni akapandisha na mi nikapandisha, si mnajua mambo yetu akina mama, mpaka nikamchukua kwa elfu hamsini, makofi, vigelegele, mchungaji akaniombea mbele ya watu wote. Hiyo hamsini niliitoa kwenye mkoba wa floti. Nikajiambia jumanne nitarudisha.

Jumatatu saa mbili asubuhi bosi huyo hapa. Hata simu hakupiga. "Dada, leta tuhesabu."

Hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliuliza tu zimeenda wapi, nikamwambia kanisani, akacheka akasema, "Kumbe jana mimi ndo nilitoa sadaka na hakuna aliyeniambia."

Hilo neno lilinikaa wiki nzima. Mi nilikuwa najihesabu mtoaji mzuri, kamisheni ikiingia natoa fungu la kumi kabla sijanunua hata chumvi, na zile tisa zilizobaki nikaziona zangu kabisa, hakuna wa kuniuliza. Lakini sisi tunaitwa mawakala, na Biblia inasema wakili, neno ni hilohilo jamani! Yule wa Luka 16 tajiri hakumwambia nionyeshe fungu la kumi, alimwambia "toa hesabu ya uwakili wako", yaani yote. Zaburi 24 nayo inasema nchi na vyote viijazavyo ni vya Bwana. Basi hata kamisheni yangu ni floti.

Na usiniambie una kidogo. Yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyepewa talanta moja huwa tunamhurumia eti alipewa kidogo, wakati talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni kibarua cha siku nzima. Tuseme hapa mpakani mtu anapakua lori kwa elfu kumi na tano kwa siku, zidisha mwenyewe, milioni tisini. Ndo alizifukia chini! Bwana wake alimwambia angalau angewapa watoa riba.

Nikanunua daftari la mia tano nikaanza kuandika zile tisa. Aibu. Soda na chapati za saa nne peke yake zilikula zaidi ya nilichomtumia mama kijijini mwezi huohuo, na mama ana presha, dawa ananunua. Ile ya Marko 7, watu wanasema mali yangu ni Korbani, yaani imeshatolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao, nilikuwa naisoma kama habari za Mafarisayo. Halafu bando. Bando sitaki hata kuziongelea.

Ajabu ni kwamba macho ya kuona pesa ndogo tunayo. 2018 serikali ilipoweka kodi ya 1% kwenye mobaili mani watu walipiga kelele nchi nzima mpaka ikashushwa 0.5%, tena kwenye kutoa tu, na mpaka leo kuna mteja atasimama dirishani kwangu dakika kumi akiuliza hiyo mia tano imekatwa ya nini. Mteja huyohuyo muulize mshahara wa mwezi jana ulienda wapi.

Ile hamsini niliilipa kwa kamisheni, mara mbili, ishirini na tano ishirini na tano. Jogoo nilimpeleka sokoni wakanipa bei ya elfu thelathini nikarudi naye nyumbani, sasa anawika saa kumi na moja kila siku, mwanangu kampa jina Mabati, na bosi akija kuhesabu lazima kwanza aulize kuku wake hajambo.