Zahanati Imeezekwa, Mkunga Atalipwa na Nani?

Mwaka 1963 Uganda ilipata Jaji Mkuu wake wa kwanza Mwafrika, naye hakuwa mzaliwa wa Uganda wala wa nchi yoyote jirani. Alikuwa Egbert Udo Udoma, Mnigeria wa jamii ya Ibibio, mwenyeji wa Ikot Abasi katika kusini-mashariki ya Nigeria. Wanasheria wa kwetu Afrika Mashariki bado wanamtaja kwa sababu ya hukumu ya Matovu ya mwaka 1966, iliyoikubali katiba mpya ya Milton Obote kuwa halali kwa hoja kwamba mapinduzi yaliyoileta yalikuwa yamefanikiwa. Hukumu ile siipendi, lakini si ninayotaka kuijadili leo. Ninachotaka kukitazama ni karo yake. Chama cha watu wa kwao, kilichoundwa mwaka 1928, kilichagua vijana 6 mwaka 1938 kikawapeleka kusoma ng'ambo kwa michango ya Waibibio wenyewe, katika eneo ambalo uchumi wake ulitegemea sana mawese. Udoma alikuwa mmoja wao. Alisoma sheria Dublin, kisha akaenda Oxford.

Kisa hicho kimenikaa kichwani tangu jirani yangu hapa Houston aliponialika kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha mji wao, ulioko katika Jimbo la Imo, kusini-mashariki ya Nigeria. Mji huo sitautaja, kwa kuwa mambo niliyoyasikia mle ukumbini ni ya wenyewe. Nilikwenda nikitarajia ngoma na chakula, na kweli vilikuwapo, lakini sehemu kubwa ya siku ilikuwa ya hesabu.

Wanigeria wa ughaibuni hawakuanza jambo hili Marekani. Vyama vya miji vilizaliwa wakati wa ukoloni, pale vijana wa Kiigbo, Kiibibio na Kiurhobo walipohamia Lagos, Port Harcourt, Enugu, Jos na Kano kuwa makarani, wafanyakazi wa reli na wafanyabiashara. Kwa mtu wa kijiji cha mbali, Kano ya wakati ule ilikuwa ughaibuni kama Houston ilivyo leo. Waliotoka mji mmoja walikutana mara kwa mara, wakatozana ada, wakatunza wagonjwa wao, na kila tawi likapeleka sehemu ya fedha nyumbani kujenga barabara, shule na hospitali. Waurhobo, ambao chama chao ni cha mwaka 1931, walifanya jambo ambalo hadi leo naliona la busara ya pekee: kabla ya kufungua chuo chao cha sekondari pale Effurun, waliwasomesha vijana wawili hadi shahada ili majengo yakikamilika pawepo wa kufundisha ndani yake.

Mei 1966 serikali ya kijeshi ya Jenerali Ironsi ilipiga marufuku vyama vya siasa 81 pamoja na vyama 26 vya kikabila na kitamaduni, na mwaka uliofuata vikaanza vita vya Biafra, eneo la mashariki lililotaka kujitenga na Nigeria. Miungano mikubwa ya makabila haikurudia tena nguvu yake ya zamani. Vyama vidogo vya mji mmoja mmoja ndivyo vilivyosimama vita vilipokwisha mwaka 1970, maana shule zilikuwa zimebomoka na hapakuwa na wa kumngoja. Tabia hiyo ya kutongoja ilikomaa kiasi kwamba hata uwanja wa ndege wa Owerri, ambao leo una jina la Sam Mbakwe, gavana wa zamani wa Imo, ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa michango ya wananchi, ukaanza kazi katikati ya miaka ya 1990. Jambo hilo hunishangaza kila ninapolifikiria. Kwetu watu wamechangia madarasa na madawati, lakini sijasikia wilaya iliyochangia njia ya kurukia ndege.

Basi turudi ukumbini. Shughuli ilifunguliwa kwa kokwa za kola, ambazo mzee mmoja aliziombea kwa Kiigbo kwa muda mrefu, kwa kuwa inasemekana kola haisikii Kiingereza. Halafu mwekahazina akagawa karatasi zilizopigwa chapa pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa na mapato na matumizi, na upande wa pili majina ya wanachama wote, kila jina na safu zake: ada ya mwaka, mchango wa zahanati waliyoijenga kwao, mchango wa misiba, salio. Mwenye deni alionekana na kila mtu, akiwemo mgeni kama mimi. Mwanamume aliyekaa mbele yangu, mwenye kofia nyekundu ya uchifu na saa ya bei mbaya, alikuwa na deni la miaka kadhaa, naye aliikunja karatasi yake mapema akaiweka chini ya sahani.

Nilimwuliza jirani yangu ni nini kinachomlazimisha mtu kulipa, maana chama hakina polisi. Akanijibu kwa neno moja: mazishi. Mwigbo anataka kuzikwa kwao, na mwanachama akifia Marekani, chama ndicho hugharimia kuusafirisha mwili na kutuma ujumbe wa kuusindikiza. Kule nyumbani ni vigumu zaidi, kwa sababu katika miji mingi deni la marehemu hudaiwa kwa watoto wake kabla kaburi halijachimbwa. Sisi Waafrika Mashariki wa hapa Houston huanza kupigiana simu za michango siku mtu anapofariki, tukaunda kamati kwa haraka, tukachangishana usiku kucha, na kamati ikavunjika mwili ukishafika. Wenzetu wamekigeuza kifo kuwa dhamana ya kodi inayolipwa na walio hai mwaka hadi mwaka. Ni utaratibu mkali, na mtu aliyepoteza kazi huuona mkali zaidi, lakini bila ukali huo sioni zahanati ingetoka wapi.

Zahanati yenyewe ilionyeshwa kwa picha kubwa ukutani: paa jipya la kijani, vigae sebuleni, tangi la maji juu ya mnara wa chuma, na ubao wa marumaru wenye majina ya wafadhili. Ukumbi ulipiga makofi. Kisha akasimama mama mmoja ambaye ni muuguzi katika hospitali ya hapa mjini, akauliza maswali mawili. Mkunga wa usiku yupo? Na mafuta ya jenereta yanalipwa kutoka fungu gani? Mwenyekiti alieleza kuwa, kwa mujibu wa makubaliano, mamlaka ya serikali ya mtaa ndiyo itakayoleta wafanyakazi, na barua imeshaandikwa. Yule mama hakuketi. Alisema alikuwa kule mwezi wa Agosti, wakati wanawake walioolewa katika mji huo wanaporudi kutoka kila pembe kwa mkutano wao wa mwaka, na aliikuta zahanati imefungwa kwa kufuli saa tatu usiku.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Udoma na wale walimu wa Effurun. Saruji ni rahisi kuchangiwa. Ina picha, ina sherehe ya ufunguzi, na jina la mchangaji hudumu kwenye marumaru. Mshahara wa mkunga huliwa kila mwisho wa mwezi, haupigwi picha, na mwezi unaofuata unadaiwa upya. Wazee wa miaka ya 1930 walikuwa maskini kuliko hawa madaktari na wahandisi wa Houston, na bado walithubutu kuweka fedha zao kwa watu, ambao wangeweza kufeli mitihani au kubaki Ulaya wasirudi.

Simlaumu mwenyekiti moja kwa moja. Mtu aliye mbali anataka kuona alichokilipia, na jengo halidanganyi kirahisi kama orodha ya mishahara. Isitoshe, fedha zenyewe zimekuwa kizungumkuti. Katikati ya mwaka 2023 dola moja ilikuwa takriban naira 460 kwa bei rasmi. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imevuka 1,500. Wengi ukumbini walidhani dola zao sasa zingejenga mara tatu zaidi, mpaka mwekahazina alipowaonyesha kuwa mfuko wa saruji, nondo na mafuta navyo vilipanda, na kwamba mkandarasi alikuwa amedai makadirio yaandikwe upya. Ajabu ni kuwa mishahara ndiyo iliyobaki nyuma. Kwa dola ileile, mkunga angelipwa kwa miezi mingi zaidi kuliko zamani.

Liko jambo jingine ambalo halikusemwa siku ile, na nadhani si kwa kusahau. Wanigeria wa nje hupeleka nyumbani karibu dola bilioni 20 kwa mwaka, nyingi zikiwa za familia zao wenyewe, na kile kinachopitia vyama huangukia kwenye miji yenye watoto wengi ng'ambo. Mji usio na madaktari Houston unabaki na serikali peke yake, na serikali ikishazoea kuona wananchi wakijinunulia transfoma ya umeme, haioni sababu ya kuharakisha. Jimbo la Anambra, jirani na Imo, lilijaribu njia ya kati wakati wa Gavana Willie Obiano: jimbo liliipa kila jamii naira milioni 20 ichague mradi wake, na chama cha mji kikausimamia. Mpango huo unanivutia kwa sababu ulimlazimisha mwenye kodi na mwenye mchango kukaa meza moja. Nisichokipenda ni kwamba nao, kwa kawaida yake, uliishia kwenye kitu cha kujengwa.

Mjadala wa zahanati ulikwenda mpaka chakula kikapoa. Vijana waliozaliwa Marekani, ambao Kiigbo chao ni cha kuunga, walikuwa upande wa yule muuguzi. Wazee kadhaa walihofia kwamba chama kikianza kulipa mishahara, serikali ya mtaa haitaleta mtu kamwe, na hofu hiyo ina msingi. Mwishowe walikubaliana kusimamisha kwa muda ujenzi wa ukumbi wa mikutano, ambao ulikuwa mradi unaofuata, na fungu lake litumike kuwalipa wakunga wawili wa zamu ya usiku kwa mwaka mmoja, huku barua ya kudai watumishi ikifuatiliwa na tawi la nyumbani. Fedha zitapitia akaunti inayohitaji sahihi tatu, moja ikiwa ya kiongozi wa wanawake, na taarifa ya kila mwezi itasomwa Houston pamoja na orodha ya wadaiwa. Yule chifu wa kofia nyekundu aliomba nakala ya azimio, akaisoma mpaka mwisho, kisha akamwuliza mwekahazina kama anapokea hundi.