Madini ya kwenye sahani na madini ya mwilini

Maharage yana chuma, spinachi ina kalsiamu, nafaka isiyokobolewa ina zinki. Yote ni kweli, na bado mtu anaweza kuvila vyote kila siku akabaki na upungufu. Jedwali la virutubisho hutaja kilichomo ndani ya chakula. Halisemi ni kiasi gani kitavuka ukuta wa utumbo.

Chuma ndicho kinachoonyesha jambo hili waziwazi. Mwanamume mzima huhitaji takriban miligramu 8 kwa siku, mwanamke aliye katika umri wa hedhi 18, mjamzito 27. Chuma cha nyama na samaki kimo kwa sehemu ndani ya hemu, kiungo chenye chuma kinachoipa damu wekundu, ambayo utumbo huipokea bila taabu: asilimia 15 hadi 35 huingia. Chuma cha mimea huingia asilimia 2 hadi 20 tu, na pengo hilo kubwa kati ya 2 na 20 linategemea umekula na nini.

Chai na kahawa ndizo zenye makosa zaidi. Kemikali zake za jamii ya tanini hukishika chuma tumboni na kutoka nacho chooni, na hasara yaweza kupita nusu. Huna haja ya kuacha chai; inywe saa moja au mbili baada ya mlo. Vitamini C hufanya kinyume chake, ila sharti iwe kwenye mlo uleule: chungwa moja, au nusu ya pilipili hoho nyekundu ikiwa mbichi. Ukiipika sana, vitamini nyingi imekwenda na moto.

Kizuizi kingine ni fitati, iliyomo kwenye mbegu, nafaka na jamii ya kunde. Hiyo hukamata chuma na zinki pia. Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, kisha pika kwa maji mapya. Kuotesha nafaka au kuchachusha unga kunapunguza fitati zaidi ya kuloweka, kwa sababu vimeng'enya vya mbegu yenyewe na vya vijidudu huivunjavunja.

Kwa wanaotumia vidonge vya chuma: kile cha feras salfeti, aina inayotumika sana, cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Baada ya dozi, ini hupandisha homoni iitwayo hepsidini, nayo hubana njia ya chuma kwa takriban siku nzima. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huagiza kidonge kimoja kwa kuruka siku moja, badala ya viwili au vitatu kwa siku. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Kosa kubwa ni kuacha dawa mara hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, inapopanda: akiba ya chuma mwilini bado ni tupu, na kwa kawaida matibabu huendelea kama miezi 3 mingine. Na usianze bila kupimwa damu. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Hujilimbikiza kwenye ini na moyo. Vidonge hivyo vifungiwe mbali na watoto, kwani vichache tu vinaweza kumuua mdogo.

Kalsiamu ina hila ileile. Mtu mzima huhitaji miligramu 1,000 hivi, mwanamke aliyepita miaka 50 huhitaji 1,200. Kikombe cha maziwa kina takriban 300, na karibu theluthi hufyonzwa. Spinachi inasifiwa mno kwa hili, lakini oksalati, kemikali ya asili iliyomo ndani yake, huifunga kalsiamu hadi ikafyonzwa asilimia 5 tu. Mboga za majani za jamii ya kabichi ni bora zaidi. Vidonge vya kalsiamu visizidi miligramu 500 kwa mara moja, na vile vya kaboneti vimezwe pamoja na chakula, kwa kuwa vinahitaji asidi ya tumbo. Usivimeze pamoja na vya chuma.

Zinki nayo ina mtego wake. Kwa mtu mzima kiwango cha juu kabisa ni miligramu 40 kwa siku. Anayemeza zaidi kwa miezi mingi hupungukiwa shaba, kwa sababu zinki hufanya seli za utumbo zitengeneze protini inayoinasa shaba. Matokeo yake ni upungufu wa damu usioponywa na chuma, na ganzi miguuni. Mtu huongezewa chuma bure, na kumbe chanzo ni kopo la zinki lililo kabatini.

Madini joto (iodini) ni rahisi: mikrogramu 150 kwa siku, zaidi kwa mjamzito, na chumvi iliyoongezwa madini hayo hutosha. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke na jua, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Hiyo si ruhusa ya kuongeza chumvi. Kikomo ni gramu 5 kwa siku, ile iliyofichwa kwenye mkate na vyakula vya viwandani ikiwemo. Lebo ikitaja sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Chumvi mbadala hupunguza sodiamu kwa kuweka potasiamu badala yake, na wengi huwafaa. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka, asiiguse kabla ya kumwuliza daktari: potasiamu ikipanda sana, mapigo ya moyo huvurugika, mara nyingi bila dalili ya kutangulia.