Sambusa ilifikaje Ujiji? Kumbukumbu ya mradi wangu

Mradi huu una swali moja: sambusa inayouzwa kila jioni Ujiji, Mwanga na Kibirizi, hapa Kigoma, ilifikaje huku mwisho wa reli? Kila ninayemuuliza hunipa jibu lile lile, kwamba waliileta Wahindi wa reli. Jibu hilo halikuniridhisha hata kidogo, ndiyo maana nimeanza kusoma, kupika na kuwauliza wazee. Nilianza mwezi wa Rajabu, nikilenga kwamba Ramadhani ikiingia niwe na jibu langu na kitu cha kuweka kwenye futari.

Rajabu: habari ya reli

Nilianza na reli kwa kuwa ndiyo dai lenyewe. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, enzi za Wajerumani. Ikafika Tabora 1912, na Kigoma 1914. Wale maelfu ya vibarua kutoka India wanaotajwa kwenye hadithi hii walijenga reli nyingine kabisa, ile ya Waingereza iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 kwenda Ziwa Victoria. Reli yetu ilijengwa kwa sehemu kubwa na mikono ya Waafrika, na Wanyamwezi walikuwa wengi miongoni mwao. Hadithi ya jirani imehamia kwetu, ikakaa kama yetu.

Haina maana kwamba Wahindi hawamo. Wamo, tena tangu zamani kuliko reli. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa pale alikuwa Musa Mzuri, Mwislamu wa Kihindi kutoka Surat, Gujarati. Na aliyewakaribisha na kuwahudumia alikuwa Mwarabu, Snay bin Amir. Mgujarati na Mwarabu wanaishi mji mmoja katikati ya Unyamwezi, zaidi ya miaka 50 kabla ya mluzi wa garimoshi kusikika. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Kazeh, ikaishia hapa Ujiji ukingoni mwa ziwa. Burton na Speke wenyewe walitoka pwani Juni 1857, wakaliona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Kwa hiyo njia ya kupitisha mapishi ilikuwepo, na ilikuwa ya miguu.

Kufikia mwisho wa Rajabu nilikuwa nimeiweka reli pembeni.

Shaabani: ganda

Ukitaka kujua sambusa ni ya ukoo gani, usiulize nyama. Uliza ganda.

Iko sambusa ya kaskazini mwa India yenye ganda nene. Unga wake unakandwa na samli, unakatwa nusu duara, unakunjwa koni na kujazwa viazi na njegere. Ikiiva inasimama yenyewe kwenye sahani. Viazi vyenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, kwa hiyo ujazo huo si wa kale sana. Halafu iko sambusa bapa ya pembe tatu, yenye ganda jembamba kiasi kwamba ukilishika kabla ya kujaza unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Hiyo ndiyo ya pwani yetu, na ndiyo ya Ujiji.

Mwaka 1226 mtaalamu wa mapishi wa Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, aliandika jinsi ya kuipika. Nyama inakatwakatwa ndogo na kuungwa viungo. Mkate mwembamba unakatwa vipande virefu, unajazwa, unakunjwa pembe tatu, ncha inabandikwa kwa unga mbichi, kisha kila kitu kinatumbukizwa kwenye mafuta ya ufuta. Akataja na aina nyingine, ya tamu, yenye sukari na lozi. Soma maelezo hayo polepole, halafu nenda ukasimame mbele ya karai lolote la Ujiji saa kumi na moja jioni. Ukiondoa ufuta, hakuna hatua utakayoikosa. Karibu miaka 800 imepita!

Waajemi walikuwa nayo hata kabla ya hapo, wakaichukua Waarabu, wakaichukua watu wa India. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliikuta Delhi kwenye karne ya 14: nyama iliyosagwa, lozi, pistachio, vitunguu na viungo ndani ya mkate mwembamba, imekaangwa kwa samli. Huyu huyu Ibn Battuta alikuwa amepita pwani yetu mwaka 1331, Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Mogadishu alikaribishwa chakula na akakieleza kwa kirefu, wali uliopikwa kwa samli, vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, achari ya ndimu na ya pilipili manga, tangawizi mbichi, maembe. Sambusa hakuitaja. Kunyamaza si ushahidi, lakini mtu aliyejali kuandika hadi habari ya achari, nikiona kanyamaza napunguza mwendo. Kwa hiyo sitasema kwamba pwani walikuwa nayo wakati ule.

Swali gumu zaidi ni la Mwarabu na Mhindi. Nilitegemea manda, yaani ganda lenyewe, iniamulie, lakini Waislamu wa Gujarati, Makhoja na Mabohora, nao wanatumia ganda hilo hilo jembamba. Manda ya Musa Mzuri na manda ya Snay bin Amir zingewekwa sahani moja, nani angezitenganisha? Nimeacha kutafuta mwenye mali. Naona ilifika bara ikiwa tayari imeshachanganyika, kama walivyochanganyika waliokuja nayo.

Shaabani bado: kwa bibi

Manda nimefundishwa na bibi jirani yetu, Mmanyema wa hapa hapa Ujiji, watu ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa, aliyelea watoto wake wote kwa karai. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akaniambia nilete unga na niache kalamu nyumbani.

Unga wa ngano, chumvi na maji ya vuguvugu tu, hakuna amira. Unakanda mpaka donge liache kushika mkononi, unalifunika likapumzike. Unakata madonge madogo, unasukuma kila moja liwe kisahani. Kisahani cha kwanza unakipaka mafuta, unanyunyiza unga juu yake, unaweka cha pili, unapaka na kunyunyiza, hivyo hivyo mpaka vinne. Cha juu kabisa hakipakwi. Hapo ndipo unavisukuma vyote kwa pamoja mpaka viwe duara moja kubwa.

Nilimuuliza bibi kwa nini mafuta na unga, visitoshe mafuta peke yake. Akaniwekea mbili, moja ya mafuta tu na moja ya vyote viwili, nione mwenyewe. Ile ya mafuta tu ilishikana katikati ikachanika. Mafuta yanapokutana na donge yananywewa. Ule unga mkavu wa kunyunyiza ndio unaobaki kati ya safu na safu, na mvuke ukishaanza kutoka ndani unapata pa kupita.

Chuma cha chapati kiwe na moto wa kadiri. Duara linakaa upande mmoja mpaka lianze kutoa malengelenge madogo, linageuzwa, halisubiriwi kubabuka. Bibi analitoa, analipiga mara mbili tatu kwenye kibao, na ncha zinaachia. Anaingiza kucha kwenye ukingo, anavuta safu ya kwanza, mvuke unampanda usoni, anavuta ya pili na ya tatu, manda nne zinalala kwenye kanga mbichi zikiwa nyeupe na laini.

"Bandua ingali ya moto, mjukuu wangu," akaniambia. "Ikikupoea umeshapika chapati."

Zikishabanduliwa zinakatwa robo nne. Kila robo inakunjwa kikoni, inajazwa, mdomo unafungwa kwa gundi ya unga na maji. Kona ya chini ndiyo ya kuangalia. Bibi huikaza kwa kidole gumba mpaka isionekane hata tundu la sindano, maana mafuta yakipata pa kuingilia hapo, sambusa inakunywa karai zima.

Mwisho wa Shaabani: sahani ya mwaka 1871

Hii ndiyo sehemu iliyoninyima usingizi.

Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, aliandika kwamba siku ile Waarabu wa mji waliwaletea vyakula mfululizo. Mohammed bin Sali alipeleka kuku wa mchuzi wa bizari. Moeni Kheri alipeleka mbuzi na wali. Na Sayd bin Majid alipeleka sahani ya vitu vya moto vya nyama iliyokatwakatwa, vilivyotengenezwa kama vikeki. Wageni huja kuona ile kumbukumbu chini ya miembe, wanasimuliwa habari ya kuvua kofia na kusalimiana. Mimi nataka kujua kilichokuwa kwenye sahani ile!

Stanley haelezi umbo. Inawezekana ilikuwa kababu, inawezekana ilikuwa sambusa. Lakini jiko linalotoa moja linatoa na nyingine. Nyama ni ile ile ya kukatwakatwa, viungo ni vile vile, karai ni lile lile. Kinachobaki ni unga wa ngano, na ngano ilikuwepo: Waarabu wa Unyanyembe, huko Tabora, walikuwa wakiilima kwenye bustani zao pamoja na vitunguu, na Livingstone, alipokaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, aliishuhudia. Kwangu mimi hilo linatosha kusema kwamba mwaka 1871 Ujiji ilikuwa na kila kinachohitajika kupika sambusa, kuanzia viungo mpaka watu waliojua. Sahani yenyewe siwezi kuiapia.

Nalo liko jambo jingine, na hili naliandika kwa uzito wake. Sayd bin Majid hakusimama jikoni. Ujiji ile ilikuwa soko la watumwa, na majiko ya nyumba kubwa yaliendeshwa na wanawake, wengi wao wametolewa ng'ambo ya ziwa bila ridhaa yao. Livingstone alipikiwa na Halima, na tunamjua Halima kwa jina kwa sababu tu bwana mwenye kalamu alikaa karibu na jiko lake. Waliopika sahani ya Sayd bin Majid hawakuandikwa. Nikiulizwa nani aliileta sambusa Ujiji, nitawataja wafanyabiashara kwa kuileta mlangoni, lakini walioishika mkononi, wakaijua na kuwafundisha binti zao ni hao wanawake. Bibi yangu wa manda ni Mmanyema. Hilo halikunipita.

Reli basi ilileta nini? Naona ilileta unga. Ngano ya bustanini ilikuwa ya wachache, chakula cha wageni na cha sikukuu. Garimoshi lilipoanza kushusha magunia hapa Kigoma, unga ukaingia dukani, na sambusa ikatoka sebuleni ikaja barabarani. Pengine ndiyo sababu watu wanaikumbuka reli: hapo ndipo wengi walipoionja.

Ramadhani: karai langu

Nimepika tatu za kulinganisha.

Ya kwanza ya mbuzi, kwa kumfuata yule wa Baghdad: giligilani, bizari nyembamba, mdalasini, nanaa na ndimu, ikakaangwa kwa mafuta ya ufuta. Pilipili sikutia, maana pilipili kali ni ya Amerika, na Baghdad ya mwaka 1226 haikuijua. Ufuta unatoa harufu nzito na manda inageuka hudhurungi mapema. Nanaa ndiyo iliyonishangaza, inaifanya nyama ya mbuzi iwe nyepesi mdomoni. Nilimpelekea bibi. Akala mbili kimya, kisha akasema hii niiweke ya Idi, ya kila siku nimwachie ng'ombe na pilipili yake.

Ya pili ni ya nyama ya ng'ombe wa soko la Mwanga, sina la kuongeza, ndiyo tunayoijua sote. Vitunguu vitiwe mwisho, nyama ikiwa imeshakauka, vibaki na ukali wake.

Ya tatu ya migebuka, na hapa nataka kukaa. Ziwa letu lina samaki huyu kwa wingi, nami nilitaka sambusa inayosema imetoka wapi. Samaki anachemshwa kidogo na ndimu na chumvi ya Uvinza, anatolewa miiba yote, anavurugwa kwa vidole, kisha anakaushwa kwenye sufuria kavu. Kukausha huko ndiko kila kitu. Maji yakibaki, manda inalowa na kupasuka mafutani. Anapaswa kufikia hali ya kuruka kwenye sufuria kama punje. Vitunguu vyake nilivikaanga kwa mawese, kijiko kimoja kikubwa tu, kisha nikachanganya na tangawizi na pilipili mbichi. Mawese kwa karai zima siyashauri, rangi na harufu yake vinaifunika manda. Yakikaa ndani na samaki, yakaangwe nje kwa alizeti, unapata ile ladha ya Kigoma bila ganda kuwa jekundu. Kwenye futari hizi ndizo zilizoisha kwanza, na watoto wa jirani wamekuja kuuliza kama kesho zipo.

Kinachofuata ni ile tamu ya Baghdad. Baada ya Idi napanda treni kwenda Tabora. Lozi kwetu ni ghali, nitatumia karanga zilizokaangwa na kutwangwa, na badala ya sukari nitatia asali ya miombo ya huko huko. Nitakanda manda yangu hapo hapo Tabora, na nikipata nafasi nitafika Kwihara, nikaulize kama wapo wazee wanaokumbuka ngano ya bustanini ilipandwa upande gani.