Daftari la usingizi la nyumba yetu

Mafuta yaliniunguza mkono wa kulia mwanzoni mwa Desemba, kabla ya alfajiri, nikiwa nimekaa kwenye kibao mbele ya kikaango cha vitumbua. Nilisinzia, kichwa kikaenda mbele na mkono ukafuata. Kwenye kituo cha afya nesi alinisafisha, akanifunga bandeji, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Dada, jana ulilala saa ngapi?" Nikamwambia saa tano usiku. "Ukaamka?" Saa kumi kasorobo. "Na juzi?" Vivyo hivyo, na siku zote kwa miaka 4.

Nimeolewa Tumbe, kaskazini ya Pemba, na katika nyumba hii mavyaa wangu ndiye anayeamka mwanzo. Umri wake umepindukia 70, lakini saa tisa ya usiku nasikia kata inagonga mtungi, anatawadha. Basi mimi, mkaza mwana wake, nitalalaje huku mama mzima yuko juu ya msala? Nikaichukua saa yake ya kuamka nikaifanya yangu. Na wifi yangu wa Wete hushona nguo za sikukuu mpaka usiku wa manane, asubuhi yuko mkavu kama hakufanya kitu. Niliamini usingizi ni mazoea, na mimi sijajizoeza vya kutosha.

Mkono ulininyima kazi wiki mbili, na skuli zilikuwa zimefungwa. Nesi alinishauri nilale bila ya kuweka kengele ya simu na niandike nimelala kwa muda gani. Alinitahadharisha kwamba siku za mwanzo mwili hulipa deni, nisizihesabu. Nihesabu zile zinazofuata, usingizi ukishatulia. Nikatoa daftari la mistari la mwanangu, nikaanza.

Usiku wa kwanza nililala baada ya isha, adhana ya alfajiri ikaniamsha, nikasali, nikarudi kitandani mpaka saa tatu asubuhi. Mavyaa alikuja kunigusa paji la uso akidhani nina homa. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Kufika siku ya sita nikawa naamka mwenyewe, na daftari likaandika usingizi wa saa 8, saa 8 na robo, saa 8. Hicho ndicho kipimo changu. Miaka 4 nilikuwa najipa 5.

Hapo nikapata hamu ya kuwaandika na wengine.

Mavyaa ndiye aliyenishangaza. Nilikuwa nikiijua saa yake ya kuamka tu, sikuwahi kuitazama ya kulala. Mama huyu akisha kusali isha, saa mbili, hana neno tena na mtu. Mimi wakati huo bado naosha vyombo. Mpaka saa tisa kasoro ameshapata karibu saa 7. Baada ya adhuhuri hujinyoosha ukumbini juu ya mkeka saa nzima. Nilipomsomea hesabu alinijibu, "Hiyo ni qailula, mwanangu, si usingizi." Lakini mwili huihesabu. Wataalamu wa Marekani waliopanga vipimo vya kila umri mwaka 2015 waliwawekea wenye miaka 65 na zaidi saa 7 mpaka 8, na watu wazima walio chini ya hapo saa 7 mpaka 9. Mzee hahitaji kidogo sana kama tunavyodhani. Usingizi wake huwa mwepesi, hukatika, na saa ya mwili wake humwita mapema.

Mume wangu huvua dagaa kwa taa, kwa hiyo usingizi wake unafuata mwezi. Siku za giza anakesha baharini, anarudi asubuhi, analala saa 4 au 5 katikati ya kelele za watoto na jua la dirishani. Mbalamwezi ikitoka anabaki nyumbani na analala mpaka watu wanamsema. Nami nilikuwa mmoja wa wanaomsema, na hilo linaniuma. Sasa dirisha lina pazia zito, na watoto wanacheza kwa jirani mpaka adhuhuri. Siku hizi anafika saa 7.

Mtoto wa miaka 4 hana shida, hujilalia mwenyewe saa 11 pamoja na usingizi wa mchana. Shida ilikuwa kwa kaka yake wa miaka 15. Huyu nilimwita mvivu mbele ya watu. Usiku macho makavu mpaka saa tano, asubuhi unamtikisa kama gogo. Kumbe umri huo homoni ya usingizi, melatonini, huchelewa kutoka usiku, na bado mwili unataka saa 8 mpaka 10. Mwanangu alikuwa anapata 6. Tulihamisha kazi ya kuchota maji kutoka asubuhi kwenda laasiri, akisali alfajiri anarudi kulala kidogo kabla ya skuli, na simu inalala chumbani kwangu. Ugomvi wa simu ulichukua mwezi mzima, sitadanganya.

Kwa upande wangu, kazi ndiyo iliyobadilika. Zamani nilisaga mchele baada ya isha, nikatia hamira, nikakaa kuungoja uumuke. Sasa naroweka asubuhi, nasaga laasiri, na hamira natia alfajiri nikiamka. Joto letu hili haliucheleweshi. Saa tatu kasorobo nimelala, saa kumi na nusu niko jikoni, na baada ya adhuhuri nachukua dakika 30 kwenye mkeka wa mavyaa. Vitumbua vinatoka nusu saa baadaye kuliko zamani. Wateja wawili walihama, mmoja amerudi.

Wifi naye? Wapo watu wa aina yake kweli, ila ni wachache mno. Mwaka 2009 watafiti wa California walieleza juu ya mama na binti yake waliokuwa wakilala kama saa 6 na wako salama, wote wawili na badiliko katika jeni iitwayo DEC2. Hilo mtu huzaliwa nalo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2003, uliwalaza watu saa 6 kwa wiki mbili: umakini wao ulishuka mpaka kufanana na wa mtu aliyekesha, na wenyewe wakidhani hawana usingizi mwingi. Nilipoyasoma hayo nilikiona kikaango changu. Nami pia nilikuwa nasema nimeshazoea.

Sasa umekaribia mtihani wa kidato cha pili wa mwanangu mkubwa, na tuisheni ya saa mbili usiku imerudi. Nimemwomba mwalimu aihamishie baada ya laasiri. Wazazi wawili wameniunga mkono. Yeye amesema atafikiri, na Jumamosi nitamfuata tena.