Ninavyozalisha ng'ombe wa Friesian na kondoo wa Dorper wenye hati ya ukoo

Ng'ombe wa hati hatambuliwi kwa kiwele wala kwa mabaka. Anatambuliwa kwa maandishi: baba, mama, tarehe ya kupandwa, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hereni ya sikioni. Ng'ombe wa lita 30 asiye na maandishi hayo ni ng'ombe mzuri wa kukamua, basi, na ndama wake atauzwa kwa bei ya ndama yeyote. Ndiyo maana nguvu zangu nyingi shambani huenda kwenye kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ni kweli.

Hapa Kenya usajili uko kwa Kenya Stud Book, daftari la koo za mifugo, na madaraja yanaanzia Foundation chini kabisa hadi Pedigree juu kabisa. Jike mwenye sura ya Friesian asiyejulikana wazazi huanzia chini. Akipandwa mbegu ya dume aliyesajiliwa, binti yake hupanda ngazi moja, na binti wa binti vivyo hivyo. Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, akishika mimba kati ya miezi 15 na 18, atazaa akiwa na miaka 2 na kidogo, kwa hiyo kutoka Foundation hadi Pedigree ni miaka 5 hivi ikiwa kila ndama wa kwanza ni jike. Haiwi hivyo, maana nusu ya ndama ni madume. Mbegu zilizochaguliwa jinsia hutoa majike kama 90 kati ya 100, lakini mrija mmoja wa mbegu zilizogandishwa huwa na mbegu milioni 2 hadi 4 tu, wakati mrija wa kawaida una milioni 15 au 20. Hizo nawapa mitamba peke yao, kwa kuwa hushika mimba kwa urahisi kuliko mama anayekamuliwa, tena wakionyesha joto, yaani kuwa tayari kupandwa, waziwazi. Na mtamba simpandishi kwa umri. Namsubiri afike kama asilimia 60 ya uzito wa mama aliyekomaa. Kwa Friesian wangu ni kilo 320 na zaidi, nikipima kwa utepe wa kifua.

Joto ndilo linalowashinda wengi. Dalili moja tu ndiyo ya uhakika: ng'ombe anapandwa na wenzake naye anasimama tuli. Ute, kelele, kupungua kwa maziwa, yote hayo yanakuambia uangalie, hayakuambii umpigie simu mpandishaji. Ninatazama kundi alfajiri, mchana na jioni, dakika 20 au 30 kila mara, wakiwa wamepumzika. Wakati wa kulisha na kukamua hawaonyeshi kitu. Wengi hupandana usiku kukiwa na baridi, kwa hiyo duru ya saa 4 usiku ina faida kubwa. Kusimama huko huchukua saa 12 hadi 18, na yai hutoka baada ya kwisha. Aliyeonekana alfajiri anapandishwa jioni, aliyeonekana jioni anapandishwa asubuhi. Ukiona damu kwenye mkia, joto limepita siku mbili tatu nyuma. Usimpandishe. Andika tarehe na uanze kumchunga siku ya 17 kutoka hapo.

Mrija unatolewa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri na kutumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, sekunde 30 hadi 45. Maji hayo yapimwe kwa kipimajoto, si kwa kidole. Kikapu cha mirija kikiinuliwa juu ya shingo ya mtungi kwa zaidi ya sekunde 10, mirija iliyobaki humo huharibika bila mtu kujua, na lawama humwangukia ng'ombe. Mrija ukaushwe kabla ya kukatwa, kwa sababu tone la maji huua mbegu, na kama kuna baridi bunduki ya kupandishia ikae ndani ya koti. Mbegu huachwa pale tu shingo ya kizazi inapoishia. Ukizidi kwenda ndani unaweza kujeruhi kizazi au kuzimwaga zote upande mmoja. Kabla ya yote hayo nasoma mwenyewe jina na namba ya dume iliyochapwa kwenye mrija, na baadaye mrija mtupu naubandika daftarini karibu na tarehe. Hiyo ndiyo risiti ya ubaba.

Tarehe ya kuzaa nayo ni ushahidi. Friesian hubeba mimba siku 279 au 280, na tofauti ya siku 7 hadi 10 si ajabu. Lakini ndama aliyekomaa akizaliwa siku ya 300 baada ya kupandishwa, huyo ni wa joto lililofuata siku 21 baadaye, na kuna dume aliyepita kwenye ua. Ndama wa namna hiyo simwandikishi kabla ya kupima vinasaba, kwa nywele za mkia zilizong'olewa na mizizi yake. Kwa sababu hiyohiyo, ng'ombe akirudia kupandishwa ndani ya joto moja natumia dume yuleyule. Madume wawili ndani ya siku chache ni ndama asiye na baba.

Kuchagua dume kunataka katalogi ya mbegu isomwe hadi herufi ndogo. Carlin-M Ivanhoe Bell, dume wa Marekani aliyezaliwa 1974, alipendwa kwa maziwa ya mabinti zake na mbegu zake zikasambaa duniani. Baadaye ikagundulika alibeba kasoro mbili za kurithi: BLAD, inayoondoa kinga ya ndama, na CVM, inayoharibu uti wa mgongo na kuua vijusi vingi tumboni. Mbebaji mwenyewe haonekani na kasoro yoyote. Balaa huja mbebaji anapokutana na mbebaji. Kwa hiyo kwenye jina la dume wa Holstein, jamaa ya Friesian, natafuta TL (kwa BLAD) na TV (kwa CVM), yaani amepimwa na hana. Nikiona BL au CV, yaani ni mbebaji, nafunga ukurasa. Kisha naangalia asilimia ya uhakika wa makadirio ya sifa zake. Dume mchanga aliyepimwa kwa vinasaba tu ana uhakika wa kama 70, mwenye mabinti wengi wanaokamuliwa hupita 90. Wachanga nawagawanya wawili watatu kundini, kila mmoja na ng'ombe wake, simwegemei mmoja. Na zile kilo za maziwa za katalogi zinalinganisha mabinti wanaolishwa kwa vyakula vya kule. Kwa shamba la napier, sileji na dairy meal, naweka mbele uzazi wa mabinti, miguu, kiwele na wepesi wa kuzaa, halafu maziwa. Ng'ombe mkubwa kupindukia hula sana na kuchelewa kushika mimba.

Undugu naupigia hesabu kabla ya kuagiza. Baba akipanda binti, undugu ndani ya ndama ni asilimia 25. Ndugu wa baba mmoja ni 12.5, sawa na babu na mjukuu. Binamu kamili ni 6.25, na huo ndio mpaka wangu.

Ndama akizaliwa, hereni inaingia kabla hajaachanishwa na mama, na dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, lita 3 au 4 ndani ya saa 6, kwa kuwa baada ya saa 24 utumbo haupitishi kinga tena. Pacha jike aliyezaliwa pamoja na dume simsajili wala simuuzi kama mzazi: zaidi ya 9 kati ya 10 ni tasa.

Kwa Dorper kazi ni hiyohiyo ila kwa wingi. Dume mmoja kwa majike 30, kila dume na boma lake. Nikitaka kubadilisha dume, majike hukaa peke yao siku 17 kamili kabla ya mwingine kuingia, ili wana wasichanganyike. Kifua cha dume nakipaka rangi ya unga iliyokorogwa na mafuta ili kila jike anayempanda apate alama, nikianza na ya njano, na kila siku 17 naweka iliyokolea zaidi. Majike wengi wakipata alama ya pili juu ya ya kwanza, dume ndiye mgonjwa. Mbegu zake huchukua karibu wiki 7 kutengenezwa, hivyo homa ya leo huonekana kama utasa wa miezi miwili. Nampima korodani mapema, na mzingo usipungue sentimita 32. Wiki 2 au 3 kabla ya kupandwa, majike hupata gramu 300 hadi 500 za mahindi kwa siku ili mapacha waongezeke.

Mimba ni siku 147 hivi. Hatari wakati wa kuzaa ni jike anayekaribia kuzaa kumwiba mtoto wa mwenzake, akamlamba na kumnyonyesha. Ukija asubuhi unaandika mama wa uongo. Kila aliyezaa anaingia kizimba cha mita 1.5 kwa 1.5 siku nzima, na namba yake naipaka kwa rangi ubavuni mwa wanawe.

Dorper alitengenezwa Afrika Kusini kwa Dorset Horn na Persia mwenye kichwa cheusi, kwa ajili ya nchi kavu, na kwenye malisho yenye unyevu minyoo ya damu humwangusha haraka kuliko kondoo mwekundu wa Kimaasai. Kila wiki 2 wakati wa mvua nafunua ukope na kulinganisha rangi na kadi ya FAMACHA, inayoonyesha upungufu wa damu, kuanzia 1 nyekundu hadi 5 nyeupe. Dawa nawapa wa 4 na 5, na wana kuanzia 3. Kuwanywesha wote huzalisha minyoo sugu. Kila dozi inaandikwa kwenye ukurasa wa mama, na jike anayerudi kwenye 4 mara kwa mara anaondoka kundini pamoja na mabinti zake, hata kama umbo lake limeshinda maonyesho.