Kijiti cha Kupimia Petroli

Jumamosi nilimkuta kitinda mimba wangu gereji akikoroga rangi ya ukuta kwa kijiti cha Babu. Nilipiga kelele mpaka kopo likamponyoka. Mtoto hana kosa. Kijiti chenyewe ukikitazama ni kipande cha ubao, urefu wa rula, kimechongwa alama tano kwa kisu, na ncha moja ni nyeusi kuliko nyingine. Nilikifuta kwa fulana niliyokuwa nimeivaa. Harufu ya petroli ilishatoka zamani, lakini nilikinusa hivyo hivyo.

"Mama, hicho ni cha nini?"

"Cha kupimia mafuta ya gari."

"Gari gani linapimwa kwa kijiti?"

Nikaanza kumjibu, nikashindwa, nikamwambia aendelee kupaka rangi. Tangu hapo sijatulia.

Babu si wa damu yangu: ni mzee wa Kizungu wa chumba cha mwisho kwenye nyumba ya wazee humu Iowa, Marekani, aliyenifundisha majina ya ndege wa huku, nami nikamfundisha kuitikia marahaba. Alizaliwa 1913. Alipenda kusema amezaliwa mwaka mmoja na Lincoln Highway, ile barabara ya kwanza kuunganisha New York na San Francisco kwa magari. Akishasema hivyo anaongeza: "Ila mimi nilizaliwa nikiwa mzima. Yenyewe ilizaliwa kwenye ramani tu." Na kweli, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya barabara hiyo humu Iowa ilikuwa udongo mtupu. Pale Tama kuna daraja dogo la 1915 ambalo kingo zake za zege zimefinyangwa herufi za jina la barabara hiyo. Nimepita pale mara kadhaa. Daraja ni zuri, limejengwa kwa fahari, na wakati linajengwa mvua ikinyesha lilikuwa likikutoa kwenye tope na kukuingiza kwenye tope.

Jumapili moja ya Septemba 2006 mwanawe alikuja kumtoa, nami nikaombwa niwasindikize kwa sababu Babu alikuwa haendi popote bila mtu wa kumshika mkono. Sikujua tunakwenda wapi. Tulifika shambani kwao, mwanawe akafungua mlango wa banda, na humo ndani, chini ya turubai, kulikuwa na Ford Model T ya 1923. Baba yake Babu aliinunua mpya.

Nilikuwa nimeshaziona picha za gari hilo. Picha hazikuambii kwamba upande wa dereva hakuna mlango: kuna mchoro wa mlango kwenye bati, na dereva anaingilia upande wa pili, anajivuta mpaka kwenye usukani. Hazikuambii kwamba pedali ni tatu na hakuna hata moja ya mafuta. Mafuta unaongeza kwa mkono, kwa kijiti cha chuma kilicho chini ya usukani. Pedali ya kushoto ni ya gia, ukiikanyaga mpaka chini unapata gia ya kwanza, ya kuondokea, ukiiachia unapata ya mwendo. Ya katikati ni rivasi. Ya kulia ni breki. Babu aliyasema hayo kwa kasi, kama mtoto anayetaja majina ya ndugu zake.

Halafu akaomba ainuliwe mto wa kiti cha mbele. Chini yake ndiko lilipo tangi. Akatoa kijiti kwenye mfuko wa koti, akakichovya, akakitoa, akakitazama juani. Unyevu ulifika alama ya kwanza, haukufika ya pili.

"Yanatosha," akasema.

Mwanawe alitaka kuongeza. Babu akakataa.

Gari halikuwa na stata. Lilitaka hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, na mwanawe alikuwa na bega bovu, kwa hiyo wote wawili wakanitazama mimi. Nikainama mbele ya rejeta, nikashika chuma. Babu akiwa juu ya kiti akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Binti! Gumba! Toa gumba!"

Lakini lilikuwa tayari nje. Vidole vinne vimelala juu ya chuma na gumba limelala pamoja navyo, halikuzunguka upande wa pili. Nilikuwa nimeshika vile bila kufikiri. Baba yangu alikuwa utingo wa malori kule Ufipa, Tanzania, na alikuwa hamruhusu mtu kugusa hendeli kabla ya kumwonesha jinsi anavyoshika. Injini ikirudisha teke, mkono uliofunga gumba unavunjika. Mkono uliolala wazi unasukumwa tu. Baba alinishika vidole nikiwa na miaka minane, akavipanga kimoja kimoja. Na sasa, nyuma ya banda la mahindi huko Iowa, mzee wa Kizungu wa miaka 93 ananipigia kelele maneno yale yale. Nilibaki nimeinama pale kwa muda, siwezi kuinuka.

"Umefundishwa na nani?" akaniuliza.

"Baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Tumia mkono wa kushoto. Vuta juu, usisukume chini."

Nilivuta mara tatu. Mara ya nne vile visanduku vinne vya mbao vya koili, vinavyotoa cheche za kuwashia, vikanguruma kama mzinga uliopigwa teke, gari likatetemeka lote, na kuku wakatawanyika.

Kuhusu safari yenyewe sina mengi. Tulipita kati ya mahindi yaliyoanza kukauka, mwanawe akiendesha, Babu kulia kwake, mimi nyuma. Babu alikuwa akisema njia nzima, akishindana na mlio wa injini. Lilipotoka gari hili mara ya kwanza, 1908, liliuzwa kama dola 850, na wakulima walikuwa wakiyachukia magari kwa sababu yanatisha farasi. Kufikia 1925 lile dogo la watu wawili lilishuka mpaka dola 260, na hapo mkulima gani tena atalichukia? Kwao walikuwa wakiliinua gurudumu la nyuma kwa jeki, wanavalisha mkanda, na gari hilo hilo linapukuchua mahindi na kukata kuni. Jumapili linasafishwa, wanakwenda kanisani. Nikamwambia kwetu pia trekta moja hufanya kazi zote hizo. Hakunisikia.

Tukafika kwenye kilima. Si kilima cha kumtisha mtu aliyekulia Ufipa, lakini kimesimama. Gari lilipanda hadi katikati, likakohoa, likazima. Mwanawe akashika breki.

"Petroli," akasema. "Nilikwambia, Baba."

Huko kwenye tangi chini ya kiti hakuna pampu. Petroli inateremka kwenye kabureta kwa uzito wake wenyewe. Pua ya gari ikiinuka sana na tangi likiwa na kidogo, kabureta inakuwa juu kuliko mafuta, na mafuta hayapandi mlima. Mwanawe alitaka tuteremke, arudi shambani kwa miguu, alete galoni.

Babu akasema neno moja: "Geuza."

Tukaliachia likarudi taratibu mpaka chini penye uwazi, tukaligeuza kwa kusukuma, nikapiga hendeli tena. Likawaka. Na tukaanza kupanda kilima kinyumenyume.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kwa rivasi tangi linakuwa juu ya injini, mafuta yanashuka vizuri, na gia ya rivasi ya gari hilo ina nguvu kuliko ya kwanza. Ndivyo watu walivyopanda vilima enzi hizo, na walioona hawakushangaa. Mwanawe alikuwa amejikunja shingo kutazama nyuma, mguu kwenye pedali ya katikati. Mimi na Babu hatukuwa na kazi, tukawa tunatazama mbele, yaani chini. Kila tulivyopanda, njia tuliyotoka ilizidi kufunguka. Kwanza changarawe nyeupe mbele ya taa. Halafu kijito na mti mmoja mkubwa kando yake. Halafu mashamba yote, na mnara wa maji wa mjini mbali kabisa, mdogo kama msumari. Gari lilikuwa likitutoa mahali huku likituonesha mahali penyewe. Sijawahi kusafiri hivyo tena.

"Unauona ule mti?" Babu akauliza.

"Nauona."

"Pale ndipo tulipokwama na mama."

Ilikuwa Machi 1924, theluji ikiyeyuka. Yeye ana miaka kumi. Mama yake alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na daktari yuko mjini, maili tisa. Jirani akaja na mkokoteni wa farasi, akasema tumlaze humu. Baba yake akasema hapana, gari ni haraka. "Na lilikuwa haraka," Babu akasema. "Mwaka mzima lilikuwa haraka."

Walishuka kilima hiki. Pale kwenye kijito udongo mweusi ukaanza kushika. Udongo wa Iowa wakati ule wa mwaka haubanduki. Unajaa kati ya spoki za mbao mpaka gurudumu linakuwa sahani ya tope, halafu linakaa tu, linasukuma tope mbele yake. Baba yake alivua koti akaliweka chini ya tairi. Akavua na shati. Babu akatumwa kumrudia jirani akimbie na farasi. Alikimbia kilima chote, hiki tulichokuwa tunakipanda, na alisema kila alipogeuka aliliona gari pale pale, na baba yake kifua wazi kwenye baridi.

Farasi walilitoa. Walifika kwa daktari giza limeingia. Mama yake alipona. Mtoto alikuwa wa kike, naye hakupona.

Gari lilikuwa bado linapanda. Babu aligeuza shingo kidogo kwangu, hakunitazama sawasawa.

"Mkokoteni ungefika?" akaniuliza.

Alikuwa ananiuliza kweli. Nilijua kwa sauti. Mtu aliyeishi na swali miaka 82 halitupi tu, na labda alinichagua mimi kwa sababu ya lile gumba. Nilifikiria barabara ya kwetu masika, malori yamelala siku tatu, na nilifikiria pia mikokoteni ya ng'ombe iliyozama mpaka ekseli. Ningeweza kumwambia usingefika, ili alale vizuri.

"Sijui, Babu," nikamjibu.

"Na mimi sijui," akasema. Hatukuongea tena mpaka juu.

Mengine alinisimulia baadaye, chumbani kwake, kwa vipande. Kwamba tangu mwaka ule baba yake alikuwa akitoka kila baada ya mvua, bila kuagizwa na mtu, na gogo lililopasuliwa katikati. Vile vipande viwili vinafungwa sambamba, farasi wanakokota mshazari, tope linasogezwa katikati ya barabara, linakauka likiwa na mgongo, na maji yanateremkia kwenye mitaro. Mkulima mmoja wa Missouri, D. Ward King, ndiye aliyezunguka akiwahubiria wakulima wenzake ujanja huo, na gogo likaitwa kwa jina lake. Serikali ya Washington ilishapitisha sheria ya kusaidia barabara tangu 1916, lakini pesa zilikwenda kwanza kwenye barabara kubwa. Kilima hiki kilisubiri. Baba yake alikokota gogo kutoka kilimani mpaka kijitoni, na kurudi, mpaka changarawe ilipokuja. Gari hakuliuza na hakulisema vibaya. Kuhusu siku ile hakutamka lolote mpaka anakufa.

Na kuna jambo jingine ambalo limekuwa likinirudia wiki nzima. Babu ndiye aliyepima petroli. Aliitazama juani kwa makini, akamkatalia mwanawe asiongeze. Mtu aliyekulia kwenye gari lile alijua alama moja inatosha bondeni na haitoshi kilimani. Sijui kama alisahau, kwa umri ule, au alitaka kupanda akiutazama mti. Sikumuuliza. Alinipa kijiti siku ile ile tuliporudi, akakifunga kwenye kitambaa chake cha mkononi, na kufikia majira ya baridi alikuwa ameshaondoka.

Jana jioni nilimchukua kitinda mimba wangu, tukaenda. Barabara bado ni ya changarawe, imesawazishwa vizuri, na kuna daraja la zege juu ya kijito. Mti haupo. Nilisimamisha gari pale ulipokuwa, nikazima injini, tukakaa. Mtoto aliniuliza tunasubiri nini. Nikawasha, nikaangalia saa, nikaendesha mpaka mjini bila kukimbia.

Dakika kumi na moja.