Siku Moja Mtumbwini

Mimi ni mkamuaji wa tonto, pombe ya ndizi zinazokanyagwa kwa miguu, hapa Kyotera, Uganda. Ukisema hivyo watu wanadhani wewe mlevi, au unapika waragi vichakani. Sipiki waragi. Na kwa siku sidhani kama napitisha nusu kibuyu.

Saa kumi na moja alfajiri nilifukua shimo. Ndizi za mbidde, zile za pombe, zilikuwa zimelala humo siku tano, zimeiva sawasawa. Zikizidi hapo zinalegea na maji hayatoki. Kufika saa mbili zilikuwa zimemenywa, zimo mtumbwini. (Mtumbwi wenyewe haujawahi kuona ziwa, ni gogo la kazi hii tu.)

Saa tatu walikuwa waje wageni, wapenzi wa mvinyo wanaozunguka nchi za watu wakionja. Kijana anayewaongoza alinisihi: “Mzee, usianze bila sisi, wanataka kuona miguu.” Saa nne, kimya. Saa tano nampigia: “Tupo njiani, mzee.” Saa sita, bado njiani. Nzi walikuwa wameshafika zamani. Jirani akapita akauliza kama siku hizi nalinda ndizi. Mke wangu akasema kanyaga, mwanamume wewe, zitaharibika! Nikakaza. Nilishakula kiapo, na pesa ile ilikuwa ya ada.

Saa saba na nusu ndiyo basi dogo likaingia. Nikaosha miguu mara ya tatu, nikatupia nyasi kavu, nikapanda. Nyasi ndizo hushika nyama ya ndizi, juisi ikachuruzika safi. Mapaja yanawaka moto, na bwana mmoja mwenye kofia anauliza. Miguu imeoshwa? Kwa nini si mashine? Huu ni wa mwaka gani?

“Wa jana,” nikamwonyesha jerikeni kivulini.

Akacheka. Ikabidi nisimame, kijana atafsiri: siku ya pili tonto ni tamu, ya nne inaelekea siki. Akaandika yote kwenye daftari. Kisha akaomba kuonja mbidde mbichi, nikamkataza, akauma. Mdomo ukamkunjamana kwa ukakasi, na kwa mara ya kwanza akanyamaza.

Mama mmoja wa Ureno hakuuliza kitu. Alivua viatu, akanawa miguu, akapanda mtumbwini. Kumbe kwao, bonde la Douro, zabibu za mvinyo wa porto bado zinakanyagwa kwenye matangi ya mawe, watu wameshikana mabega. Babu yake alikuwa mmoja wao. Akasema ukakasi ule umo kwenye maganda ya zabibu nyekundu, na wao wanautafuta. Sisi mbidde hatuli kwa sababu hiyohiyo! Alikanyaga kwa kisigino, polepole, hakuna aliyemwelekeza.

Walipoondoka sikutazama saa tena. Nilichanganya mtama wa kukaangwa, nikafunika kwa majani ya mgomba ichachuke usiku kucha. Simu ikalia, mteja wangu Mhaya wa ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Tanzania, ambako pombe ya ndizi huitwa rubisi.

“Mzee, rubisi ipo?”

“Kesho,” nikamwambia, nikiwa nimeshalala, nyasi bado katikati ya vidole.